Nani Aliondoka na Mkanda?

Watu wanapobishana kuhusu albamu bora ya jazz iliyoimbwa na mwanamume, haichukui muda kabla mmoja wao hajaitaja ile ya John Coltrane na Johnny Hartman. Ina nyimbo sita tu. Yote inakwisha kwa dakika 31 hivi, muda ambao daladala ya Mbagala inaweza kuwa bado haijajinasua kwenye foleni. Ilirekodiwa tarehe 7 Machi 1963 katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, upande wa pili wa mto kutoka New York, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa madukani.

Wiki mbili hivi kabla ya siku hiyo, ng'ambo ya Atlantiki, mwimbaji wa Afrika Kusini aliingia studio ya Barclay jijini Paris. Wakati huo aliitwa Bea Benjamin. Jina la Sathima, ambalo wapenzi wa jazz wanamjua nalo, alilipata baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 26. Duke Ellington ndiye aliyemwalika, na ndiye aliyeketi kwenye piano kwa baadhi ya nyimbo. Nyingine alipiga Billy Strayhorn, mtunzi aliyekuwa mkono wa kuume wa Ellington. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, alipiga mchumba wa Benjamin, Dollar Brand, ambaye leo dunia inamfahamu kama Abdullah Ibrahim. Zilipatikana nyimbo kumi na mbili.

Albamu hiyo ilitoka mwaka 1997.

Bahati imesingiziwa mengi katika historia ya muziki, na wapo watakaosema kwamba Hartman alikuwa na bahati na Benjamin hakuwa nayo. Lakini ukizifuatilia sesheni za majira yale moja baada ya nyingine, swali linalojitokeza si la bahati, wala la kipaji. Ni nani aliyetoka studioni na mkanda, na ni nani aliyetoka na kumbukumbu tu? Waimbaji wa Afrika Mashariki wanaoingia studio leo wana kila sababu ya kujiuliza swali hilo kabla hawajavaa vipokea sauti masikioni.

Mambo ya New Jersey yalikwenda hivi. Coltrane alikuwa na mkataba na lebo ya Impulse, na mtayarishaji wake alikuwa Bob Thiele. Mwaka 1961 wahakiki kadhaa wa Marekani walikuwa wameushambulia muziki wake, hata jarida la DownBeat likachapisha maneno ya mhakiki aliyeuona kuwa unaipinga jazz yenyewe. Thiele akatafuta njia ya kuwaonyesha wasikilizaji kwamba mtu huyu anayepuliza saksafoni kama anayepasua mawe anajua pia kubembeleza. Zikafuatana albamu tatu tulivu: moja ya nyimbo za mapenzi zilizopigwa bila mwimbaji, moja aliyopiga na Ellington, kisha hii ya Hartman.

Hartman mwenyewe hakuvutiwa mara moja. Alikuwa mwimbaji wa sauti nzito, nyororo, aliyekulia Chicago na kupitia bendi kubwa za Earl Hines na Dizzy Gillespie mwishoni mwa miaka ya 1940. Hakujihesabu kuwa mwimbaji wa jazz, na alidhani mtindo wake na wa Coltrane haiwezi kukaa chungu kimoja. Akashawishiwa aende kumsikiliza Coltrane katika klabu ya Birdland, New York. Klabu ilipofungwa na wateja wakaondoka, yeye, Coltrane na mpiga piano McCoy Tyner wakabaki wakijaribu nyimbo. Wasiwasi ukaisha hapo.

Nayo studio waliyokwenda ilikuwa na tabia zake. Van Gelder alisomea kupima macho, na kwa miaka alikuwa akipima watu macho mchana huku akirekodi wanamuziki sebuleni kwa wazazi wake mjini Hackensack. Mwaka 1959 akahamia jengo alilojengewa Englewood Cliffs, lenye paa refu la mbao lililopanda juu kama la kanisa. Hakutaka mtu aguse vifaa vyake, na siri za wapi anaweka maikrofoni zake alizibana. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchanganya sauti papo hapo, wanamuziki wakiwa bado wanapiga, na kuzipeleka moja kwa moja kwenye mkanda wa njia mbili. Uamuzi wa sauti ya mwimbaji ikae mbele kiasi gani, na dramu za Elvin Jones zirudi nyuma kiasi gani, haukusubiri kesho.

Matokeo yake yanasikika hadi leo. Katika "My One and Only Love", Coltrane anaupiga wimbo wote kwanza kwa saksafoni, na msikilizaji anasubiri dakika mbili nzima kabla Hartman hajafungua kinywa. Ni mtayarishaji gani wa leo angekubali mwenye jina kwenye jalada akae kimya dakika mbili? Hartman anapoingia, haongezi kelele wala hashindani. Jimmy Garrison anatembea na besi kwa upole, Jones anasugua kwa brashi, na sauti ya mwanamume huyo inatua kana kwamba saksafoni imepata maneno.

Masimulizi ya siku ile yamepambwa, kama ilivyo kawaida ya masimulizi ya studio. Hartman alieleza kwamba wakiwa njiani kwenda kurekodi walimsikia Nat King Cole redioni akiimba "Lush Life" ya Strayhorn, na hapo hapo akasema nao waurekodi. Akaongeza kwamba kila wimbo ulipatikana kwa mkupuo mmoja, isipokuwa mmoja uliorudiwa kwa sababu Jones aliangusha kijiti cha dramu. Ni hadithi tamu. Uchunguzi wa mikanda uliofanywa miongo kadhaa baadaye umeonyesha kwamba marudio yalikuwa mengi kuliko hivyo, na hilo halimpunguzii mtu heshima. "Lush Life" ni wimbo mgumu kiasi kwamba Frank Sinatra alijaribu kuurekodi mwaka 1958 akauacha njiani.

Hata marudio yakiwa mengi, bado kazi ile ilikwisha kwa siku moja. Watu wanaosifu kasi hiyo wanasahau ilinunuliwa kwa nini. Coltrane na wenzake watatu, Tyner, Garrison na Jones, walikuwa wakipiga pamoja usiku baada ya usiku, na siku hizo hizo walikuwa jukwaani Birdland. Hartman alikuwa na miaka zaidi ya kumi na mitano ya kuimba kwenye kumbi mgongoni mwake. Walipofika kwa Van Gelder hakuna aliyekuwa anajifunza kitu.

Sasa kuna siku iliyotangulia.

Tarehe 6 Machi 1963, yaani jana yake, wale wanne walikuwa katika studio ile ile bila Hartman, wakarekodi muziki wa kutosha albamu nzima. Impulse haikuitoa. Mkanda mama ukakaa ghalani, kisha ukapotea. Inaaminika kampuni iliyoimiliki lebo hiyo iliitupa mikanda mingi katika miaka ya 1970 ili kupunguza gharama za kuihifadhi. Muziki wa mmoja wa wapiga saksafoni wakubwa wa karne ulitupwa kwa ajili ya kodi ya chumba. Kilichouokoa ni tabia moja ndogo ya Van Gelder na Coltrane: baada ya sesheni, fundi alimpa mwanamuziki nakala ya kusikiliza nyumbani. Nakala hiyo ilibaki kwa familia ya Naima, mke wa kwanza wa Coltrane, na mwaka 2018 ikatolewa kwa jina "Both Directions at Once". Coltrane alikuwa amefariki tangu 17 Julai 1967.

Hao waliotupa walikuwa ndio wenye mali. Hakuvunja mtu sheria yoyote.

Paris ilikuwa na kisa kinachofanana, ila chenye maumivu zaidi. Benjamin na Dollar Brand walikuwa wameondoka Afrika Kusini mwaka 1962, miaka miwili baada ya mauaji ya Sharpeville, wakati ambapo bendi iliyochanganya watu wa rangi mbalimbali ilikuwa hatari kwa waliomo na kwa wanaoisikiliza. Walipata kazi Zürich, katika klabu iliyoitwa Africana. Ellington alipopita mjini humo na bendi yake, Benjamin alikwenda kumtafuta na kumshawishi aje kumsikiliza mpiga piano wake. Mzee akaja, akawasikiliza, kisha akamuuliza Benjamin yeye anafanya nini. Akaimba. Ellington wakati huo alikuwa akitafuta wasanii kwa niaba ya Reprise, lebo ya Sinatra, na akawaita wote Paris.

Sesheni yenyewe ilikuwa ya watu wachache. Johnny Gertze alipiga besi, Makaya Ntshoko dramu, na Svend Asmussen wa Denmark, ambaye alikuwa Paris kwa kazi nyingine ya Ellington, alishika fidla na kuidonoa kwa vidole badala ya kuipiga kwa uta. Mdonoo huo unaizunguka sauti ya Benjamin bila kuigusa. Sauti yake nayo haina haraka. Anaichelewesha silabi mpaka karibu idondoke, ndipo anaiweka. Kuna mahali unamsikia Strayhorn, mtu aliyezoea kupigia waimbaji wakubwa, akimfuata msichana huyu wa Cape Town hatua kwa hatua bila kumvuta wala kumsukuma. Wiki mbili hivi baadaye Hartman angeuimba wimbo wa Strayhorn huyo huyo upande wa pili wa bahari, na kuupatia makazi ya kudumu.

Reprise ilitoa muziki wa Dollar Brand na wenzake. Wa Benjamin ikauona hauna soko, na mkanda ukapotelea huko. Kwake hiyo haikuwa mara ya kwanza, maana mwaka 1959 alikuwa amerekodi albamu nyingine nyumbani Afrika Kusini, nayo haikutoka wakati ule. Fikiria hali hiyo: mwimbaji aliyepigiwa piano na Ellington na Strayhorn katika albamu moja, na hana hata kipande cha kumthibitishia jirani.

Kwa miaka zaidi ya thelathini albamu hiyo iliishi kama uvumi. Kisha katikati ya miaka ya 1990, wakati maisha ya Strayhorn yakichunguzwa kwa ajili ya wasifu wake, ikajulikana kwamba fundi mitambo wa Barclay, Gerhard Lehner, alikuwa amejiwekea nakala. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Lebo ya Enja ya Ujerumani ikaitoa kwa jina "A Morning in Paris". Ellington hakuwepo tena, Strayhorn hakuwepo, na msichana wa miaka 26 alikuwa ametimiza sitini.

Kwa hiyo katika majuma hayo machache ya 1963 zipo sesheni tatu, na mbili kati yake zimetufikia kwa sababu kuna mtu alikwenda na nakala nyumbani. Mfumo rasmi wa kuhifadhi, wenye maghala, mikataba na wanasheria, uliangusha mbili kati ya tatu. Na si kwamba mambo yaliboreka baadaye. Mwaka 2019 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba moto uliotokea tarehe 1 Juni 2008 katika eneo la Universal huko Hollywood uliteketeza mikanda mama mingi, na likawataja Coltrane na Billie Holiday miongoni mwa wasanii ambao kazi zao zilikuwa humo. Kampuni ilipinga ukubwa wa hasara hiyo; kwamba moto uliwaka na mikanda ikaungua, hilo haikulikana.

Atakayeitetea kampuni ana hoja, na inafaa isikilizwe. Bila Impulse kulipia studio, bila Thiele kupiga simu na kubembeleza, Hartman asingeingia kwa Van Gelder. Ni kampuni iliyochapisha majalada, iliyosambaza santuri, iliyobeba hasara za albamu zilizokufa. Anayetoa pesa anastahili kurudishiwa, tena na faida. Lakini kurudishiwa pesa ni jambo moja, na kuwa mtu pekee duniani mwenye uwezo wa kuamua kazi iishi au ife ni jambo jingine. Nakala aliyobeba Coltrane haikuinyima Impulse senti moja. Miaka 55 baadaye iliipa Impulse hiyo hiyo albamu ya kuuza.

Mambo haya si ya kigeni huku kwetu kama majina yake yanavyosikika. Neno jazz lilishika mizizi mapema katika majina ya bendi zetu: Dar es Salaam Jazz tangu 1932, kisha Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Muziki wao haukuwa wa Birdland, ulikuwa dansi, lakini namna ya kurekodi ilikuwa ile ile. Bendi iliingia studio za Radio Tanzania katika Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, wote kwa pamoja, mwimbaji na magitaa na matarumbeta, fundi mitambo akachanganya, wimbo ukaenda hewani. Mkanda ukabaki kwenye rafu za redio.

Redio ilifanya jambo kubwa. Pasipo rafu hizo, sehemu nzuri ya vipindi vya zilipendwa isingekuwepo, na watoto waliozaliwa baada ya 1980 wasingezijua sauti ambazo baba zao walizichezea. Ila mwanamuziki alitoka na nini? Vyombo mara nyingi vilikuwa vya mwajiri. Nuta Jazz, kwa mfano, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mkanda ulikuwa wa redio. Aliyetaka santuri alifunga safari ya Nairobi, ambako kampuni za kurekodi zilikuwa na masharti yake, na huko ndiko wakubwa kama Mbaraka Mwinshehe walikotengenezea santuri zilizowafikisha nyumba za watu. Nyimbo nyingine nyingi zilizopigwa kwa ustadi ule ule hazikuwahi kuwa santuri. Zikabaki zikimtegemea fundi mwenye huruma, au mtu aliyezinasa redioni kwa kaseti.

Leo studio imehamia chumbani. Mwimbaji wa Kinondoni au Kayole anafika kwa prodyuza, anakuta biti imekwisha kupikwa, anaingiza sauti mstari kwa mstari, na kufikia usiku wimbo upo kwenye simu yake. Anatumiwa faili moja iliyokwisha kuchanganywa, na anaondoka akiamini ana wimbo. Hana. Sesheni yenyewe, pamoja na kila njia ya sauti, ipo kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kompyuta hiyo inaweza kuibwa, diski yake inaweza kufa, au wawili hao wanaweza kukosana kwa sababu isiyohusiana na muziki. Sheria zetu, ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, zinatenganisha haki ya aliyetunga wimbo na haki ya aliyetengeneza rekodi ya sauti. Wasanii wengi wanaijua ya kwanza. Ya pili wanakuja kuisikia siku kampuni ya filamu au ya matangazo inapotaka kuutumia wimbo wao, wanapoambiwa kwamba anayetakiwa kutia saini si wao.

Benjamin alilijibu tatizo lake kwa njia ya moja kwa moja. Baada ya kuhamia New York, akiishi katika Hoteli ya Chelsea na kulea watoto, mwaka 1979 alianzisha lebo yake mwenyewe, Ekapa. Albamu yake ya kwanza hapo ilikuwa ya nyimbo za Ellington, kama mtu anayedai deni kwa adabu. Aliwalipa wanamuziki, akachagua wapigaji, akatoa albamu moja baada ya nyingine. Hazikumtajirisha, na mauzo yake hayafanani hata kidogo na ya lebo kubwa. Lakini hakuna iliyosubiri miaka 34, na alipofariki Cape Town mwezi Agosti 2013 kazi hizo zilikuwa zinajulikana zilipo na ni za nani.

Njia hiyo sasa wanaipita wengine. Somi, mwimbaji wa jazz mzaliwa wa Marekani ambaye wazazi wake walitoka Uganda na Rwanda, aliwahi kutoa albamu na lebo kubwa, kisha akajianzishia yake, Salon Africana. Humo mwaka 2020 alitoa "Holy Room", aliyorekodi jukwaani Frankfurt na bendi kubwa ya redio ya Ujerumani, ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu ya jazz ya kuimba. Mwaka 2022 ikafuata albamu yake ya nyimbo za Miriam Makeba, kwa lebo hiyo hiyo.

Si kila mwimbaji anaweza kuanzisha lebo, wala si lazima. Kinachowezekana kwa kila mmoja ni kuandikiana kabla ya maikrofoni kuwashwa: rekodi ni ya nani, kwa asilimia ngapi, na sesheni nzima itakabidhiwa lini. Majina ya waliopiga na tarehe viandikwe humo humo. Diski ya kubebea sesheni ya albamu nzima haifiki hata robo ya gharama ya video moja inayoonekana ya maana, na prodyuza mwadilifu hatakasirika akiombwa aijaze. Akikasirika, ni vizuri mwimbaji ajue hilo kabla hajaimba.